Maswali ya Wasomaji: Povu la Kidonda, Maziwa Yanayosumbua na Sukari Inayoungua Bila Moto

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja, nami nimefurahi, kwa sababu huko ndiko nilikofanyia kazi maisha yangu: kwanza katika maabara ya hospitali nikipima damu, kisha darasani nikifundisha baiolojia. Wengi mmeuliza kuhusu vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kemia ya mwili, hata mnapokuwa hamkuvitaja kwa jina. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na nyingine nimezifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nilijikata mguu, nikamwagiwa haidrojeni peroksaidi, kidonda kikatoa povu jeupe. Tone jingine liliangukia ngozi nzima pembeni na halikufanya lolote. Rafiki yangu anasema povu lile ni vijidudu vinavyokufa. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Umetazama vizuri, hasa lile tone la pembeni, maana humo ndimo jibu lilimo.

Povu lile si vijidudu. Ni gesi ya oksijeni. Molekuli ya haidrojeni peroksaidi ina atomu mbili za haidrojeni na mbili za oksijeni, na haijatulia: ukiiacha peke yake huvunjika ikawa maji na oksijeni, lakini polepole sana. Chupa iliyofungwa hukaa miezi mingi kabla dawa haijaisha nguvu, na huwekwa kwenye chupa nyeusi kwa sababu mwanga huharakisha kuvunjika huko. Sasa kwenye kidonda seli zimepasuka na damu imemwagika, na ndani ya seli hizo kuna kimeng'enya kiitwacho katalesi. Kinapokutana na peroksaidi, kazi ambayo ingechukua miezi inamalizika papo hapo.

Hebu tuingie ndani zaidi. Katalesi ni protini iliyojikunja, na katika kina cha mikunjo yake kuna atomu ya chuma iliyoshikwa na kiduara cha atomu nyingine, aina ileile ya kiduara kinachobeba oksijeni katika hemoglobini ya damu yako. Molekuli ya kwanza ya peroksaidi inaingia, chuma kinaichukua atomu moja ya oksijeni, na kinachobaki kinatoka kikiwa maji. Molekuli ya pili inaingia, inatoa haidrojeni zake, nayo oksijeni iliyokuwa imeshikwa na chuma inaondoka. Yanatoka maji tena na molekuli ya oksijeni, na chuma kimerudi kama kilivyokuwa mwanzo, tayari kwa jozi inayofuata. Kimeng'enya kimoja hurudia hivyo mara mamilioni kwa sekunde moja. Hakiliwi, hakipungui, hakigeuki kitu kingine.

Ngozi nzima haikutoa povu kwa sababu tabaka lake la juu ni seli zilizokufa na kukauka, na seli hai zilizo chini yake bado zimefungika na katalesi yao.

Jaribu jambo hili ukiwa na mwalimu wako. Tia kipande cha kiazi kibichi ndani ya peroksaidi ya asilimia 3: povu. Kiazi kilekile ukikichemsha hadi kikaiva, hutaona kitu. Ukikikwangua kibichi, povu linazidi, kwa sababu umezipasua seli nyingi. Kile kilichochemshwa ndicho ninachotaka ukifikirie sana. Protini ni mnyororo mrefu wa amino asidi, na mikunjo yake imeshikwa kwa viungo vidogo dhaifu. Joto kali likiutikisa mnyororo, viungo hivyo vinaachia na mikunjo inafumuka. Atomu ni zilezile na mnyororo ni uleule, ila lile pango la ndani ambamo peroksaidi ilikuwa inaingia halipo tena. Mitihani hupenda kuwauliza "kimeng'enya hufa kwa joto gani", nami swali hilo silipendi, kwa sababu linakufanya ukione kama mdudu. Kimeng'enya hakina uhai. Kina umbo, na umbo likipotea kazi nayo imekwisha.

Kwa nini mwili una katalesi wakati peroksaidi inatoka dukani? Kwa sababu mwili nao unaitengeneza. Seli zinapotumia oksijeni na kuvunja mafuta, peroksaidi huzalika kama taka, na ikiachwa ingeharibu protini na hata DNA. Chembe nyeupe za damu huitengeneza makusudi ili kupigana na vijidudu. Na hapo ndipo rafiki yako ana sehemu ya ukweli: peroksaidi inaua vijidudu. Lakini inaziuma pia seli zinazojaribu kuziba kidonda, ndiyo maana siku hizi wahudumu wengi wa afya hushauri maji safi yanayotiririka na sabuni.

Mwalimu, tunaambiwa chakula "kinaunguzwa" mwilini. Kama ni kuungua, moto uko wapi? Na kwa nini sukari iliyo kwenye kopo haiungui yenyewe, na oksijeni imeizunguka pande zote?

Kati ya barua zote, hii ndiyo niliyoirudia kusoma. Nitaanza na swali lako la pili.

Sukari na oksijeni zikiwa pamoja zina nishati nyingi kuliko kaboni dayoksaidi na maji zinavyokuwa nayo. Kwa hiyo kimahesabu sukari yako ingepaswa kugeuka maji na hewa ikiwa pale pale koponi, na kutoa joto. Kinachoizuia ni mwanzo. Ili atomu zishikane upya, kwanza viungo vya zamani lazima vivutwe na kulegezwa, na kulegeza huko kunadai nishati kabla hujapata faida yoyote. Katika joto la kawaida la chumba, karibu hakuna molekuli ya sukari inayogongana na oksijeni kwa nguvu ya kutosha. Ukiiwashia moto wa kutosha, unailipia nishati hiyo ya kuanzia, na inaungua.

Kimeng'enya kinafanya jambo la namna nyingine kabisa. Hakiongezi joto. Kinaikamata molekuli katika pango lake, kinaielekeza upande unaofaa, kinauvuta kidogo ule uungano unaotakiwa kukatika, na kuweka karibu yake chaji za umeme zinazoulegeza. Nishati inayohitajika kuanzia inashuka, na joto la kawaida la mwili linatosha. Ninaomba hapa mshike neno moja: kimeng'enya hakibadilishi mwisho wa safari. Mmenyuko (badiliko la kikemia) ambao kanuni za nishati zinaukataa hauwezi kulazimishwa na kimeng'enya peke yake. Kinachobadilika ni muda tu.

Lakini muda ndio kila kitu kwa kiumbe hai. Mwaka 1995 Anna Radzicka na Richard Wolfenden, watafiti wa Marekani, walichapisha vipimo vya mimenyuko ya mwili ikiachwa bila kimeng'enya. Mmoja wao, ulio katika njia ya kutengeneza vijenzi vya DNA na RNA, ungehitaji takribani miaka milioni 78 ili nusu tu ya molekuli zimalize kubadilika. Kimeng'enya chake kinaimaliza molekuli moja katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Bila kimeng'enya hicho hakuna seli ambayo ingewahi kugawanyika.

Turudi kwenye moto. Katika majira ya baridi ya 1782 kuelekea 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace huko Ufaransa walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mwili wake na hewa ya kaboni aliyoipumua. Kisha wakaunguza mkaa hadi utoe kiasi kilekile cha hewa hiyo. Joto la mnyama na la mkaa lilikaribiana. Wakahitimisha kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole, na katika hesabu ya nishati walikuwa sahihi: gramu moja ya sukari inatoa karibu kilokalori 4, iungue kwa moto au ndani yako.

Tofauti iko katika njia. Moto unaachia nishati yote kwa mkupuo. Seli inaivunja glukosi hatua kwa hatua: hatua 10 za mwanzo kuigawa vipande viwili, kila hatua na kimeng'enya chake, kisha nyingine nyingi ndani ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati. Katika baadhi ya hatua sehemu ya nishati inanaswa na kuwekwa katika molekuli iitwayo ATP, ambayo misuli, neva na figo zako zinaitumia sasa hivi unaposoma. Oksijeni unayoivuta haigusani na sukari hata kidogo. Inaingia mwishoni kabisa, kupokea elektroni na haidrojeni zilizokwisha kung'olewa na kuwa maji. Nishati isiyonaswa inatoka kama joto, na hilo ndilo joto la mwili wako. Moto unaoutafuta ni huo.

Kwa muda mrefu watu wengi wenye akili nyingi, Louis Pasteur akiwemo, waliamini kwamba kuchachuka kwa sukari hakuwezekani bila seli hai. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira pamoja na mchanga, akaikamua juisi yake, akatia sukari nyingi ndani ili isiharibike. Ilikuwa njia ya kuihifadhi tu. Juisi ikaanza kutoa mapovu. Hapakuwa na seli nzima hata moja mle, na sukari ilikuwa inageuka kuwa alkoholi na kaboni dayoksaidi. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kabla ya kuandika mlinganyo wowote ubaoni, kwa sababu pale ndipo uhai na kemia vilipokutana mbele ya macho ya mtu.

Kwa nini tofaa likikatwa linageuka kahawia, na kwa nini maji ya limau yanazuia?

Kisu kinapasua seli, na vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa vinachanganyika: fenoli, kemikali za mmea zilizohifadhiwa katika vifuko vya seli, na kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi. Hewa inaleta oksijeni, na kinachotengenezwa kinaungana na kuwa rangi ya kahawia. Asidi ya limau inakivuruga kimeng'enya hicho, nayo vitamini C iliyomo inazirudisha fenoli katika hali yake kabla hazijapata rangi. Jokofu linapunguza mwendo tu. Hata friza haikiharibu kimeng'enya, na ndiyo maana wanaogandisha mboga huzichovya kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika chache.

Nina miaka zaidi ya 30. Utotoni nilikunywa maziwa bila shida, sasa glasi moja tu tumbo linajaa gesi na kuunguruma, wakati mwingine naharisha. Mtindi haunisumbui. Je, nina mzio wa maziwa?

Kwa maelezo yako, hapana. Mzio ni kinga ya mwili kuzishambulia protini za maziwa, na huleta vipele, uvimbe au kushindwa kupumua. Wewe dalili zako zinaelekea kwenye sukari ya maziwa, laktosi.

Laktosi ni sukari mbili zilizoungana, glukosi na galaktosi. Ikiwa hivyo ni kubwa mno kupita katika ukuta wa utumbo mwembamba, kwa hiyo kimeng'enya laktesi kilichopandikizwa kwenye ukuta huo lazima kiikate kwanza. Watoto wachanga wote, isipokuwa wachache sana, wanacho kwa wingi. Baada ya kuachishwa ziwa, jeni yake hupunguza kazi kwa watu walio wengi: takribani theluthi mbili ya watu wazima duniani wako kama wewe. Si ugonjwa. Waliobaki nacho ukubwani ndio wenye badiliko la kijenetiki, na badiliko hilo lilijitokeza mara kadhaa kati ya jamii za wafugaji, moja Ulaya, mengine Afrika Mashariki na Uarabuni, kila moja kwa herufi tofauti za DNA. Mimi huona hili ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi tunayoyajua kuhusu historia ya binadamu.

Laktosi isiyokatwa inafika kwenye utumbo mpana. Huko inavuta maji, nawe unaharisha. Bakteria wanaoishi huko wanaichachusha na kutoa gesi, haidrojeni ikiwamo, ambayo inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Kipimo cha hospitali kinategemea jambo hilo: unakunywa laktosi, kisha wanapima haidrojeni katika pumzi yako. Mtindi unakuacha salama kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi, nao wanaingia tumboni na laktesi yao wenyewe.

Pengine utauliza, utumbo una vimeng'enya vingi vya kukata sukari, mbona vingine havisaidii? Kile kinachoikata sukari ya kawaida ya mezani kipo palepale jirani. Mkemia Mjerumani Emil Fischer aliligusa swali hili mwaka 1894, akichunguza sukari zinazofanana kwa karibu sana, na akaona kimeng'enya kinachoivunja moja kinaiacha nyingine isiguswe. Alisema kimeng'enya na molekuli yake hulingana kama kufuli na ufunguo. Mwaka 1958 Mmarekani Daniel Koshland aliongeza kwamba kimeng'enya nacho hujipinda kidogo molekuli inapoingia, hadi kikaibana sawasawa. Kimeng'enya cha sukari ya mezani hakiwezi kuibana laktosi namna hiyo, basi inapita.

Huna haja ya kuacha maziwa kabisa. Wengi wenye hali yako huweza kunywa kiasi kidogo pamoja na chakula. Jibini iliyokomaa ina laktosi kidogo sana. Lakini ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito au unaamshwa usiku na tumbo, hilo si suala la laktesi, mwone daktari.

Mwanangu alipata homa ya digrii 39. Jirani aliniambia vimeng'enya vyake "vinaiva" na ataharibika ubongo. Nimeishi na hofu hiyo. Naomba unieleze.

Pole sana, mama. Digrii 39 haiivishi vimeng'enya vya binadamu. Vingi vinahimili zaidi ya digrii 40 bila kupoteza umbo. Homa huamriwa na mwili wenyewe: sehemu ya ubongo inayosimamia joto hupandisha kiwango, na baadhi ya seli za kinga hufanya kazi vizuri zaidi katika joto hilo. Kinachotokea kwa vimeng'enya ni kwamba vinakwenda mbio zaidi. Shughuli za kikemia za mwili huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila digrii inayopanda, kwa hiyo mtoto anapumua haraka, moyo unakimbia, na anapoteza maji mengi. Mpe vinywaji mara kwa mara.

Hatari ya joto lenyewe iko katika jambo lingine: mtu aliyezidiwa na jua au kazi nzito, ambaye mwili wake umeshindwa kujipoza, joto limepita digrii 40 na ameanza kuchanganyikiwa. Huyo apozwe kwa maji mara moja na akimbizwe hospitali. Katika homa ya kawaida, tazama zaidi hali ya mtoto kuliko namba. Akiwa chini ya miezi 3 na ana digrii 38 au zaidi, asisubiri nyumbani. Vilevile mtoto wa umri wowote akiwa mlegevu haamki vizuri, anapata degedege, anapumua kwa shida au shingo imekakamaa.

Ninatarajia kufanyiwa upasuaji mdogo. Nimeambiwa nisimeze aspirini kwa wiki nzima kabla. Nashangaa: aspirini ikinitoa maumivu ya kichwa, baada ya saa chache maumivu yanarudi. Inawezaje kuisha kwa saa chache na ikabaki kwa wiki?

Umeuliza swali ambalo wanafunzi wa udaktari nao huulizwa. Dawa yenyewe inaondoka kwenye damu haraka. Kinachobaki ni alama iliyoiacha.

Katika seli nyingi kuna kimeng'enya kiitwacho saiklooksijenesi, kinachoanzisha utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zinazokuza maumivu, uvimbe na homa. John Vane wa Uingereza alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi kwa kukizuia, na mwaka 1982 akawa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya Tiba. Dawa nyingine kama ibuprofeni zinaingia kwenye mfereji wa kimeng'enya hicho, zinakaa kidogo, kisha zinatoka. Aspirini inang'oa kipande cha molekuli yake na kukigandisha mle ndani. Kimeng'enya hicho hakitafanya kazi tena kamwe.

Seli za kawaida zina kiini na maelekezo ya DNA, basi zinatengeneza vimeng'enya vipya, na maumivu yanarudi. Chembe sahani za damu, zile zinazoziba jeraha, hazina kiini. Aspirini ikigusa kimeng'enya chake, chembe sahani ile imebaki hivyo hadi mwisho wa maisha yake, ambayo ni siku 7 hadi 10. Kimeng'enya hicho ndicho huanzisha kemikali inayoziita chembe sahani nyingine zishikamane. Kwa hiyo damu yako inachelewa kuganda hadi mwili utakapozalisha chembe mpya za kutosha. Ndiyo sababu ya ile wiki, na ndiyo sababu kidonge kidogo kimoja kwa siku kinatosha kwa wagonjwa wa moyo wanaohitaji damu isigande ovyo.

Jambo moja la tahadhari kwa hao wa moyo. Ukimeza ibuprofeni kabla ya aspirini yako, inaweza kuziba mfereji ule na aspirini ikakosa pa kuingia. Mweleze daktari kila dawa unayotumia. Na usiache aspirini ya moyo kwa sababu umesoma hapa. Anayeamua ni daktari anayekutibu.

Kuna vidonge vinavyouzwa kuwa ni "vimeng'enya hai" vya kusafisha mwili na kurudisha ujana. Ninunue?

Usinunue. Kimeng'enya ni protini, na protini ukiimeza tumbo linaifanya chakula: asidi inaifumua, pepsini (kimeng'enya cha tumbo) inaikatakata, kongosho linamalizia. Hakifiki kwenye ini wala kwenye ngozi yako kikiwa kizima.

Kuna vidonge vya vimeng'enya ambavyo ni dawa ya kweli, na vyote kazi yake ni humohumo katika njia ya chakula. Laktesi unayomeza pamoja na maziwa ni mfano. Vingine ni vya watu ambao kongosho lao limeshindwa kazi, navyo hufunikwa kwa utando unaohimili asidi ya tumbo na kuyeyuka kwenye utumbo mwembamba. Kwa watu hao vidonge hivyo ni tofauti kati ya kukonda na kuishi. Inaniuma kuona jina lao likitumika kuuza ahadi za ujana.

Kijana wetu alipewa dawa ya malaria iitwayo primakwini. Baada ya siku chache macho yakawa ya manjano na mkojo mweusi. Akalazwa na kupona. Tumeambiwa huenda ana upungufu wa kimeng'enya G6PD, lakini kipimo kilichofanywa wakati ule kilisoma kawaida. Tuamini nini?

Nashukuru kwamba amepona. Nimeiacha barua yenu mwisho ili niijibu kwa nafasi, kwa kuwa nimewahi kukaa kwenye meza ya maabara mbele ya kipimo hichohicho.

Kumbukeni peroksaidi ya barua ya kwanza. Chembe nyekundu ya damu inabeba oksijeni mchana na usiku, kwa hiyo peroksaidi na jamaa zake huzalika ndani yake bila kukoma. Pamoja na katalesi, chembe hiyo inajikinga kwa molekuli iitwayo glutathioni, ambayo inatumika na lazima ifanywe upya kila mara. Kuifanya upya kunahitaji NADPH, molekuli inayobeba elektroni za kazi hiyo, na katika chembe nyekundu isiyo na mitokondria wala kiini, njia ya kuipata NADPH inaanzia kwenye G6PD. Kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu, siku za kawaida chembe inamudu. Inapoingia dawa kama primakwini, inayozidisha shambulio hilo, glutathioni inaisha, hemoglobini inaharibika na chembe zinapasuka. Manjano ya macho yanatokana na mabaki ya hemoglobini iliyovunjwavunjwa, na weusi wa mkojo ni hemoglobini iliyopita kwenye figo.

Sasa kile kipimo. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, na kwa kuwa hazina kiini haziwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. G6PD yao hupungua jinsi zinavyozeeka. Shambulio linapotokea, chembe kuukuu ndizo zinazopasuka kwanza. Zinazobaki ni changa, na uboho unamwaga nyingine changa zaidi, ambazo zina kimeng'enya kingi kuliko wastani wa damu ya kijana huyo. Ukipima siku hizo, unapima chembe zilizosalimika. Kwa hiyo matokeo ya kawaida yaliyopatikana katikati ya shambulio hayaondoi shaka. Warudieni wapime upya baada ya takribani miezi 3, na mwambieni mpimaji tarehe ya shambulio, pamoja na kama kijana aliongezewa damu, kwa maana damu ya mtu mwingine nayo ina G6PD yake.

Hadi hapo mchukulieni kuwa anao upungufu. Asipewe primakwini, tafenokwini (dawa nyingine ya malaria) wala dapsoni (dawa ya ukoma) bila daktari kujua habari hii. Asile maharagwe mapana aina ya fava, na madonge ya naftalini ya kufukuzia nondo yasikae kwenye nguo zake. Hali hii wanayo takribani watu milioni 400 duniani, na wengi wao hawaugui maisha yao yote kwa sababu hawakukutana na kichokozi. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mama tu. Basi kipimo kikithibitisha, wapimwe pia kaka zake wa mama mmoja, wajomba zake, na watoto wa kiume wa mama zake wadogo na wakubwa, kabla yeyote kati yao hajaandikiwa primakwini.